Umri kwa Hesabu ya Kisu

Mwezi uliopita Mwalimu Athumani alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake Kitale, sisi tuliomchezea mpira zamani, na tuliofika tulikuwa wachache, wenye vitambi na magoti mabovu. Yeye mwenyewe ni mzee sana sasa. Alitupokea ameketi, kanzu imepigwa pasi kana kwamba ni Idi, akatuita kwa nafasi tulizocheza badala ya majina: Kipa, Winga, Beki. Mkewe, Mama Salim, alileta pilau kwenye sinia, na kwa muda hapakusikika kitu ila vidole na meno. Kisha Barasa, aliyekuwa kapteni wetu, akaanza kulalamika juu ya kitindamimba wake. Kijana amehamia shule nyingine, sasa ameambiwa hawezi kuichezea mpaka mwaka upite. "Ati sheria," Barasa akasema. "Mtoto anajua mpira, anakaa nje kama mbuzi amefungwa." Mwalimu akatafuna taratibu, akameza. "Sheria haina ubaya," akasema. "Bila sheria shule zingecheza na baba zenu. Ubaya ni hesabu. Muulizeni Kipa. Huyu alikuwa mzee akiwa kidato cha tatu." Wote wakacheka, nami, Kipa mwenyewe, nikacheka na pilau mdomoni, nikashangaa jinsi kicheko kilivyotoka kwa urahisi. Kwa miaka mingi habari hiyo ilikuwa hainichekeshi.

Mwaka ule wa kidato cha tatu nilikuwa nikilala katika nyumba hiyohiyo. Ilikuwaje mtoto wa Sirisia, huko Bungoma, akaishia kwa mwalimu anayekaa karibu na msikiti wa Kitale ni hadithi ya ukoo, na hadithi za ukoo hazina mwisho, kwa hivyo naiacha huko iliko. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kimeshikana na jikoni. Nililala pamoja na wavu wa mipira, gunia la makaa na mfuko wa chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja, ambayo ilinifanya nipige chafya kila nikigeuka. Ukuta baina yangu na jikoni ulikuwa wa mbao na haukufika juu. Harufu ya tangawizi ilipita hapo, na maneno yalipita hapo. Asubuhi niliamshwa na mafuta yanayochemka na sauti ya Mama Salim akimweleza mumewe mambo ambayo mumewe hakuwa ameyauliza. Nilijua bei ya unga, nani amechumbiwa, na mwalimu gani wa shule yetu anavaa viatu vya kuazima. Sijawahi tena kulala mahali nilipojisikia salama hivyo.

Nilikuwa mrefu kuliko mlango wa chumba hicho. Ndevu zilikuwa zimeanza kuchungulia, na sauti yangu ilikuwa nzito, hivi kwamba wenzangu wa timu waliniita Baba Watoto. Sikuchukia. Nilikuwa nimezoea kuitwa mtu mzima, na hapa lazima nieleze. Kwetu Bungoma, sisi Wabukusu, mvulana hupashwa tohara mwezi wa Agosti, mwaka mmoja watu hukatwa, mwaka unaofuata hupumzika. Wanaosimama mbele ya kisu msimu mmoja huwa bakoki, marika wa kisu, mpaka kaburini. Bakoki wako humnyimi chakula na humwaibishi mbele za watu, na haijalishi nani alizaliwa kwanza. Wengi huenda wakiwa wameanza kubalehe. Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka saba. Babu alikuwa mgonjwa, akasema hafi kabla ya kuwaona wajukuu wake wote wamesimama, na nani atambishia mtu anayekufa? Basi tukasimama, wakubwa na mimi. Babu akapona. Akaishi miaka mingi tena, akawazika karibu wote waliokuja kumuaga.

Lakini kisu hakirudi nyuma. Tangu asubuhi ile nilikuwa mwanamume. Sikutakiwa tena kukaa jikoni kwa mama, wala kupakatwa, wala kulia nikianguka. Watoto niliocheza nao wiki moja kabla wakawa wavulana na mimi nikawa kitu kingine. Nilijifunza kutembea polepole. Mtu akiniuliza umri, sikutaja kuzaliwa. Nilitaja mwaka wa kisu, kama walivyofanya wanaume wote niliowajua, na nikaona kifua kikipanuka. Nikiwa na umri huu nawatazama watoto wa miaka saba wakifukuzana barabarani na kamasi zao, nasema moyoni, hivi kweli nilikuwa kama huyu?

Ulimi uliponza kichwa. Tulicheza fainali ya Kitale na shule moja ya upande wa Kachibora, tukatoka sare, tukaingia penalti, nami nikaokoa ya mwisho. Sina haja ya kutia chumvi: mpigaji aliteleza, mpira ukaja mikononi mwangu wenyewe. Wenzangu walinibeba juu juu. Baadaye tukapanga foleni kwenye bomba kunywa maji, timu zote mbili pamoja, na winga wao mmoja, Nyongesa, akanikaribia akitabasamu.

"Niaje, kipa. Wanasema wewe ni wa Sirisia?"

"Sirisia kabisa."

"Hata sisi kwetu ni huko. Ulitahiriwa mwaka gani?"

Mtu mwenye akili angekunywa maji akaenda zake. Mimi nilifuta mdomo, nikataja mwaka wangu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni.

"Ah, si huo ni mwaka ya brother yangu Wanyonyi," Nyongesa akasema. "Ule mwenye ananunuanga mahindi Moi's Bridge."

"Wanyonyi? Huyo ni bakoki yangu," nikasema. "Msalimie sana."

Nyongesa aliacha kutabasamu. Wanyonyi alikuwa na mke na watoto wawili. Sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshiba sifa. Siku chache baadaye shule yao ikapeleka malalamiko kwa kamati ya michezo kwamba kipa wetu amepita umri.

Mwalimu mkuu wetu alitusomea sheria tukiwa tumesimama ofisini mwake, timu nzima imebanana. Mchezaji asiwe amezidi miaka kumi na tisa mwaka wa mashindano. Akicheza aliyezidi, mechi zote alizocheza zinafutwa. Alirudia neno zote. Maana yake tusingekwenda Bungoma kukutana na mabingwa wa huko, Kachibora wangekwenda badala yetu, na mimi nisingegusa tena mpira wa shule. Hakuna aliyeniita Baba Watoto tulipotoka. Barasa alitembea nami mpaka langoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Niambie ukweli, bana. Uko na miaka ngapi?" Nikamwambia kumi na saba. Akaniangalia ndevu, akasema sawa, lakini aliondoka bila kunipa mkono.

Mtasema, si alete cheti cha kuzaliwa? Cheti kilikuwepo. Kila mtu alikuwa na cheti. Tatizo ni kwamba hata wale wachezaji wazee wa kweli, wenye nywele kifuani, walikuwa navyo, tena vipya na vizuri kuliko changu. Katika mambo hayo kamati iliamini watu kuliko karatasi, na watu wa kwetu wakitaka kujua umri wa mwanamume huhesabu kutoka kwa kisu. Chukua mwaka wa kisu, ongeza kumi na tatu au kumi na nne, umempata. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na miaka ishirini na tatu.

Asubuhi moja nikiwa bado nimelala niliwasikia jikoni. Mama Salim alikuwa anakaanga mandazi.

"Lakini wewe wamwaminije?" Mwalimu alikuwa akiuliza. "Mimi nampenda, lakini sijui. Ametukalia hapa kama shekhe. Hacheki, halalamiki, hataki hata kuonjeshwa kitu jikoni. Pengine kweli ni mtu mzima."

"Umemwona akilala?" Mama Salim akasema.

"Nimtazame akilala kwa nini?"

"Mimi huingia kuchukua makaa. Analala mdomo wazi, mguu mmoja juu ya wavu wa mipira, na mkono kashika shuka yangu hivi. Nimelea wanne. Huyo ni mtoto, Athumani. Ni mtoto mrefu."

Nilifunga mdomo haraka, kana kwamba bado ananiona. Nilikasirika, nakiri, na papo hapo kitu fulani kifuani kikalegea. Siku zote nilidhani hakuna anayeniona.

Tulipokuwa tunakunywa chai Mwalimu akaniuliza waziwazi nilikuwa na umri gani siku ile ya kisu. Nikamjibu kwamba kwetu mwanamume hasemi alikuwa mtoto siku hiyo. Akaweka kikombe chini. "Sikiliza," akasema, "mimi nilitahiriwa sijamaliza siku arobaini tangu kuzaliwa. Kwa hesabu yenu leo ningekuwa nimestaafu, na Mama Salim ameolewa na babu yake." Mama Salim akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Mwalimu akaacha utani, akasema, "Mficha uchi hazai. Kama yuko mtu aliyekuona siku zile, twende kwake." Nikamwambia yupo, lakini ni kaka yake Nyongesa.

Tulimkuta Wanyonyi Moi's Bridge kati ya magunia, vumbi la mahindi limemfanya mweupe mpaka kope. Aliponiona akapaza sauti, "Bakoki," akanikumbatia, akatuburuta hotelini. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na kalenda ya mwaka uliokwisha. Akaagiza nyama, ugali na mboga ya sukuma, na hakutaka kusikia habari yoyote mpaka tumenawa. Mwalimu akauliza kama nyama imechinjwa na Mwislamu. Mwenye hoteli akaapa, Mwalimu akala. Baada ya hapo akamweleza Wanyonyi shida yetu. Wanyonyi alisikiliza akifinyanga tonge moja la ugali mpaka likawa gumu.

"Mwalimu, mimi najua alikuwa mdogo," akasema. "Kwa ile kibanda tulikuwa tunapona, mimi ndiye nilikuwa nalala karibu na yeye. Lakini nikianza kuongea mbele ya hao wakubwa, wataniuliza, ulijuaje ni mtoto? Hapo nitasema nini?"

Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa. Siku ya kisu nilisimama bila kupepesa, hilo hata maadui zetu wanakubali. Lakini usiku, kibandani, nilimlilia mama. Nililia usiku mwingi. Wakubwa wangu, Wanyonyi akiwa wa kwanza, walinifunika blanketi na kuimba kwa nguvu ili wazee nje wasisikie, kwa sababu mwanamume akijulikana alilia kibandani, wimbo wake utaimbwa mpaka arusi ya mjukuu wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitamka jambo hilo tena. Sisi wawili wenyewe hatukuwa tumelitamka.

"Bakoki hamvui nguo bakoki," Wanyonyi akasema. Alikuwa ananiangalia mimi. "Mdogo wangu Nyongesa atakasirika, hiyo si kitu, atapoa. Lakini hii ingine, mpaka wewe mwenyewe uniambie."

Sikumwambia. Nilikula nyama yangu, nikanawa, nikashukuru. Mwalimu alimwomba aje Kitale siku ya kikao hata hivyo, naye akakubali kuja. Njiani Mwalimu hakuniuliza neno. Mpaka leo namshukuru kwa kimya kile kuliko kwa mambo mengi aliyonipa.

Kikao kilifanyika katika chumba cha walimu cha shule moja ya mjini, madawati yamesukumwa ukutani, birika kubwa la chai na mikate iliyokatwa nene katikati. Mwenyekiti alikuwa Mbukusu mwenzangu, mtu mpole, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu kuinama. Pembeni yake walikaa wanaume wawili na mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akifuma sweta ya mtoto chini ya meza. Nyongesa alirudia nilichosema kwenye bomba. Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

"Cheti chake nimeona," mwenyekiti akasema. "Cheti ni cheti. Lakini kisu hakidanganyi."

Mwalimu Athumani akasimama na kuwaambia ile habari yake ya arobaini na kustaafu. Watu wakacheka, mwenyekiti pia. "Hiyo ni ya Waislamu, Mwalimu," akasema kwa upole. "Huyu ni wa Sirisia."

Wakamwita Wanyonyi. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Akaulizwa kama ananijua.

"Namjua. Ni bakoki yangu. Tulisimama asubuhi moja."

Mwalimu wa Kachibora akajiegemeza kwenye kiti, kazi imekwisha. Nikamwona Barasa, aliyeruhusiwa kuingia kama kapteni, akiinamisha kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba kitu mbali na kuambiwa akirudishe, na hapo nikaona kwamba kumi na mmoja wetu tulikuwa tunalipia kifua changu. Wanyonyi alikuwa bado amesimama. Hakuwatazama kamati. Alinitazama mimi, akangoja.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi niseme," akasema. "Huyu alikuwa hana meno ya mbele. Yametoka, mengine bado kumea. Tukiletewa nyama nilikuwa namraruria, vipande vidogo vidogo, kwa sababu hawezi kuuma. Akisikia watoto wanacheza huko nje, anataka kutoka akacheze na wao. Na usiku alikuwa analilia mama yake. Tulikuwa tunamfunika na kuimba. Hiyo kitu hatujawahi kuambia mtu. Naambia nyinyi kwa sababu ameniruhusu."

Nilitazama birika la chai. Nilingoja kicheko, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukibeba. Badala yake sindano za kufuma zikasimama, na yule mwalimu wa kike akauliza, "Meno ya mbele ya juu ama ya chini?"

"Yote, madam."

"Wangu wa kwanza alitoka hayo meno akiwa darasa la kwanza," akamwambia mwenyekiti. "Hiyo ni miaka sita, saba. Hesabu sasa."

Mwenyekiti alihesabu. Alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akanitazama kwa muda mrefu, ndevu na yote, na uso wake ukabadilika. Sijui alikumbuka nini. Pengine kibanda chake mwenyewe, pengine nani alikuwa anaimba.

"Basi," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "mtoto acheze."

Sikumbuki nilivyotoka nje. Nakumbuka Barasa akinipiga mgongoni mpaka nikakohoa, akisema, "Si ungesema tu tangu mwanzo, bana," na nakumbuka Nyongesa akija kunipa mkono kwa aibu, kaka yake amemshika shingo kwa nyuma kwa mzaha. Nakumbuka mkate. Walitupa ile mikate iliyobaki, nikala vipande vingi nikiwa nimesimama kwenye jua, na kila kipande kilikuwa kitamu. Kwa muda wa majuma kadhaa nilikuwa nimeishi kama mtu aliyekanyagwa kifuani, na sasa aliyenikanyaga ameondoa mguu. Barasa aliponikumbusha hayo mwezi uliopita juu ya sinia la pilau, alisema yeye ndiye aliyekuwa na furaha zaidi yangu. Tukabishana kidogo.

Bungoma walitufunga mabao mawili. Sina la kujitetea. La kwanza nililiona linakuja na nikalisindikiza wavuni kwa macho. Filimbi ilipolia mashabiki wao wakamwagika uwanjani na ngoma, na Barasa akapita kwangu, jasho linamtiririka, akasema, "Angalau tumefungwa uwanjani." Alikuwa anatabasamu. Nikakaa chini karibu na nguzo ya lango. Kitu kikaanza kupanda kutoka tumboni, nikakifahamu, kwa kuwa nilikuwa nimekizuia miaka kumi, na safari hii hakikuzuilika. Nilianza kulia huko Bungoma, kwenye uwanja wazi, mchana kweupe, mbele ya watu wa kwetu.

"Simiyu, simama," Barasa akaniambia, akitazama huku na huku. "Watu wanaona, bana."

Mwalimu Athumani akaja kwa hatua zake ndefu. Nilidhani ataniinua. Akakunja suruali yake magotini, akaketi kwenye nyasi kando yangu, akanyoosha miguu.

"Lia, mwanangu," akasema. "Kamati nzima imekaa ikakubali wewe ni mtoto. Usiniangushe."

Nikalia, huku nikicheka, mpaka nikatosheka. Kisha nikaomba maji.